Moshi hadi pwani ya Tanga na watoto watatu: wikendi moja inatosha?

SWALI: Habari kaka. Tunaishi Moshi na tuna watoto watatu: wa kwanza ana miaka sita, wa pili mitatu na nusu, wa mwisho miezi tisa. Hawajawahi kuiona bahari. Mume wangu anataka tutoke Ijumaa saa 12 jioni nikishatoka kazini, watoto walale njiani, tufike Pangani usiku, turudi Jumapili. Gari ni Noah yetu na dereva ni yeye peke yake, mimi sina leseni. Mdogo nazoea kumpakata. Nina wasiwasi ila sitaki kuonekana nakatisha watu tamaa. Inawezekana? Na kama inawezekana, tujipange vipi?

JIBU: Dada, inawezekana, ila si kwa ratiba hiyo. Ratiba ya shemeji ina kasoro mbili zinazobebana: amechagua usiku kwa sababu siku ni mbili tu. Mkipata siku ya tatu, usiku hauna kazi tena. Kwa hiyo ombeni ruhusa ya Ijumaa au ya Jumatatu, tokeni alfajiri, na msilenge Pangani mjini bali fukwe zilizo kabla yake. Kama ruhusa haipatikani kabisa, subirini sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Bahari haihami.

Naijua hoja ya kusafiri usiku, kwa sababu familia nyingi ninazozipeleka pwani huanza na hiyo hiyo. Watoto wakilala hakuna kilio, hakuna anayeomba kukojoa kila kijiji, jua halichomi. Ni hoja ya baba anayewajua wanawe. Lakini atakayelala ni mtoto. Dereva anatakiwa awe macho, naye ameamka tangu asubuhi, amefanya kazi kutwa nzima, na hana wa kumpokea usukani. Mkitoka Moshi saa 12 jioni, kwa mwendo wa familia mtakuwa maeneo ya Korogwe au Segera karibu na saa sita usiku, wakati ambao mwili wa mtu yeyote unadai kulala, na mbele bado mna Muheza, Tanga na kipande cha Pangani.

Barabara yenyewe mnaifahamu. Ni njia moja kwenda na moja kurudi, taa hakuna ila mijini, na malori ni mengi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani kuwa alama ya hatari. Mchana unayaona kwa mbali. Usiku, huku taa za gari la mbele zinakupiga machoni, unayaona ukiwa umeshayafikia. Kuna mifugo, kuna baiskeli na bodaboda zisizo na taa ya nyuma, na tangu Oktoba 2023 mabasi ya abiria nayo yameruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo ule utulivu wa usiku ambao wazee wetu waliusifia haupo tena. Halafu fikiria pancha kati ya Hedaru na Mkomazi saa nne usiku: baba yuko chini ya gari na jeki, mama yuko kando ya barabara na watoto watatu.

Hata kama mngefika salama, watoto wangeamshwa saa nane usiku kwenye chumba wasichokijua, mkitafuta chandarua na swichi ya taa. Mdogo asingelala tena. Jumamosi yenu ingekuwa ya watu wazima wawili wenye macho mekundu na mtoto mmoja anayelia.

Sasa hesabu. Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350. Kwa mtu aliye peke yake si mbali. Lakini njia hii imejaa vibao vya 50: Mwanga, Same, Hedaru, Mkomazi, Mombo, Korogwe, Muheza, na vijiji katikati yake. Mkipigwa tochi, mtalipa faini na robo saa imepotea, achilia mbali kwamba 50 imewekwa pale kwa ajili ya watoto wa wenzenu wanaovuka kwenda shule. Kwa hiyo wekeni saa tano na nusu hadi sita za kuendesha, na saa moja na nusu ya kusimama. Saa saba na ushee. Pangani ni kilomita kama 50 zaidi kutoka Tanga, na zinakuja mwisho, watoto wakiwa wameshachoka na mchana umeshakuwa mkali. Mkienda Jumamosi na kurudi Jumapili, mtakaa garini saa 14 na zaidi ili mpate labda saa tano za bahari. Mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka bahari. Atakumbuka siti.

Ndiyo maana nasema msifike Pangani safari hii. Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, fukwe zenye mchanga zinaanza mapema, maeneo ya Mwarongo na mbele kidogo Kigombe, ambayo ni kama nusu ya njia. Kuna nyumba za kulala wageni za bei tofauti, na maji ni yale yale mnayoyafuata Pangani. Tanga mjini kwenyewe ni pazuri kwa kutembea, na Raskazone watu wanaogelea, lakini sehemu kubwa ya ufukwe wa mji ni mikoko na tope. Mtoto aliyeahidiwa mchanga atawauliza mchanga uko wapi. Msikubali pia ushauri wa kukata kona kutoka Muheza moja kwa moja hadi Pangani. Ramani inaonyesha ni karibu, lakini ni njia ya vumbi, na ikinyesha ni utelezi.

Nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza lakini umelitaja kwa sentensi moja, nalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu. Umesema mdogo unazoea kumpakata. Dada, hapo simung'unyi maneno: msitoke Moshi bila kiti cha mtoto cha gari.

Gari lililo kwenye mwendo wa 50 likigonga kitu na kusimama ghafla, aliye ndani bila mkanda anaendelea mbele kwa mwendo ule ule wa 50. Nguvu yake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mkono wa mama unaoweza kumzuia mtoto wa kilo tisa katika hali hiyo, hata awe mama mwenye nguvu namna gani. Na ukimfungia ndani ya mkanda wako mmoja, ni mwili wako wewe utakaombana. Kumpakata siti ya mbele ni kubaya zaidi, kwa sababu mfuko wa hewa unaofumuka kwenye dashibodi umetengenezwa kumwokoa mtu mzima na unaweza kumuua mtoto mchanga.

Wa miezi tisa anakaa kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, siti ya kati, kamwe si mbele. Uso wake unatazama mgongo wa siti, hivyo breki kali inamkandamiza mgongo mzima badala ya kuivuta shingo. Abaki hivyo angalau hadi miaka miwili, au zaidi kama kiti kinaruhusu uzito wake. Wa miaka mitatu na nusu anatumia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani. Wa miaka sita anahitaji kile cha kumnyanyua tu, ili mkanda wa gari upite begani na mapajani badala ya shingoni na tumboni. Viti hivi vinapatikana madukani, na vya mtumba vipo vingi pia. Kwenye mtumba angalia plastiki isiwe na ufa, mikanda isiwe imelika, kifungo kilie na kushika, na tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo mara nyingi huandikwa chini ya kiti. Kama hujui historia yake na muuzaji anajibu kwa kusitasita, kiache. Kuazima kwa ndugu unayemwamini ni bora kuliko kununua cha bei poa usichokijua. Na kama fedha hazitoshi viti vyote kwa mara moja, safari isubiri mwezi mmoja. Nawaambia hivyo hata wateja wangu, na wapo waliokwenda kwa dereva mwingine.

Kwenye Noah mpangilio ninaoupenda ni huu: mdogo na wa miaka mitatu siti ya kati, wewe pamoja nao kama kuna nafasi yenye mkanda, mkubwa nyuma kwenye siti yenye mkanda wa bega, au siti ya kati kama wewe utakaa nyuma. Safari ya kwenda ikiwa ya asubuhi, mtakuwa mnaelekea kusini mashariki na jua litaingia kwa madirisha ya kushoto, kwa hiyo kiti cha mdogo kifungwe kulia. Mkirudi asubuhi, jua liko kulia na nyuma, kihamishieni kushoto. Mizigo mizito iwe chini, imefungwa. Galoni la maji lililowekwa juu ya siti ya nyuma ni kombora likipigwa breki.

Kunyonyesha ni lazima gari lisimame. Najua inachosha, najua mtoto akilia dakika kumi shemeji ataanza kusema mtoe tu kidogo. Msimtoe. Tafuteni pa kuegesha, mlishe, mcheuishe, mrudishe. Kwa vyovyote mtoto wa umri huo hapaswi kukaa kwenye kiti cha gari zaidi ya kama saa mbili mfululizo, maana amejikunja na kichwa kinaelemea kifua. Anahitaji kulala chali, kunyoosha miguu, kubadilishwa nepi. Vituo vyenu vipangwe kwa kumfuata yeye.

Tokeni saa 11 na nusu alfajiri. Mizigo ipakiwe usiku wake, mafuta yawe yamejazwa, watoto wabebwe na nguo zao za kulala moja kwa moja hadi kwenye viti. Giza halitadumu sana, na kutapambazuka mkikaribia Mwanga. Huu ndio usingizi wa njiani ambao shemeji anautaka, ila kwa saa ambazo dereva naye ameshalala vya kutosha. Usiku wa kuamkia safari alale saa tatu, hata kama kuna mpira.

Same mtafika kama saa moja na nusu. Simameni dakika 20: choo, nepi, nyonyo, chai ya chupa. Ni hapa mkubwa anapoamka na kuuliza kama tumefika. Mweleze kwamba milima iliyo kushoto ni ya Upare na itamsindikiza kwa muda mrefu, na kwamba upande huo wa nyuma ya milima kuna Hifadhi ya Mkomazi wanakolindwa faru weusi. Baada ya hapo pitisheni kipande cha Hedaru hadi Mkomazi mapema. Kule chini ni pakavu na pana joto kali mchana. Saa mbili asubuhi ni barabara tu, saa nane mchana ni tanuri, hasa kama kiyoyozi cha Noah yenu kinafanya kazi kwa kujisikia.

Mombo kwenye njia ya kupandia Lushoto mle kifungua kinywa kwa utulivu, karibu saa tatu na nusu. Mpe kila mtoto dakika 20 za kukimbia kabla ya kula, siyo baada. Kuanzia Korogwe mkonge unaanza kuonekana na mashamba yake ni ya kuvutia hata kwa mtoto, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Mwambieni mkubwa kwamba mmea huo si wa kwetu asili: mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu, na ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Watoto wa miaka sita wanapenda namba. Atahesabu mikonge hadi Segera.

Segera ndipo mnapoachana na magari ya Dar es Salaam, na msongamano unapungua. Kama ni mwishoni mwa Desemba, kumbuka kwamba watu wengi wa Kilimanjaro wanapandisha nyumbani mkiwa mnashuka, na baada ya mwaka mpya watashuka wakati nanyi mnarudi au mmeshafika. Mimi siwashauri watu wenye watoto wadogo kuingia kipande cha Moshi hadi Segera katika siku hizo. Muheza nunueni machungwa kama ni msimu wake. Tanga kama saa sita na nusu, ufukweni saa nane mchana bila kukimbizana.

Kuhusu kutapika. Wa miaka sita na wa mitatu na nusu ndio walio katika umri wa kuchafukwa na safari. Mdogo kwa kawaida hasumbuki. Kinachotokea ni kwamba sikio la ndani linaiambia akili tunatembea, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumekaa tuli. Basi simu isitumike gari likitembea, hata kama ndiyo dawa yenu ya kelele nyumbani. Watazame nje, mbele. Waimbe, wahesabu malori mekundu, wabishane. Chakula kiwe kidogo na kikavu: ndizi, viazi vya kuchemsha, mkate. Maziwa na maandazi ya mafuta mengi yasubiri kufika. Dawa za kichefuchefu zipo, lakini muulize mfamasia kwa umri na uzito, na msimpe mtoto siku ya safari dawa ambayo hajawahi kuijaribu. Beba mifuko ya plastiki migumu, taulo mbili, na nguo za kubadilisha za kila mtoto zikiwa karibu, si chini ya mabegi yote. Na poti. Familia nyingi huona haya kubeba poti, kisha wanaishia kuchimba dawa kwenye nyasi ndefu kando ya malori. Poti nyuma ya gari, mlango wa nyuma umefunguliwa juu, mambo yamekwisha.

Sasa bahari yenyewe. Wasafiri wa bara huchagua wikendi kwa kutazama mshahara. Mimi huchagua kwa kutazama mwezi, na nawaomba mfanye hivyo.

Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yanakuja maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika mita tatu na zaidi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Sasa uzuri ni huu: kwenye pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hujaa takribani saa kumi hadi kumi na moja jioni na kupwa saa nne hadi tano asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa asubuhi na kupungua jioni.

Kwenu ninyi, mnaofika saa nane mkiwa na vumbi na watoto waliofungwa siku nzima, chagueni wikendi ambayo siku ya kufika inaangukia mwezi mpevu au mwezi mwandamo, au siku moja baadaye. Mtafika maji yakija. Saa kumi jua limepunguza ukali na maji yapo mlangoni, vuguvugu. Kesho yake asubuhi bahari imeondoka, imeacha madimbwi yenye kaa, samaki wadogo na nyota za bahari, na akina mama wa kijiji wako mbali wakiokota chaza na pweza. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo asubuhi inazidi kuogelea. Familia inayofika bila kuangalia mwezi inaweza kukuta jioni nzima maji yako mbali na wao wamesimama kwenye tope, kisha inarudi Moshi ikisema Tanga hakuna bahari. Kama huna jedwali la maji, mpigie mwenye nyumba ya wageni umuulize maji yanajaa saa ngapi siku fulani. Mtu wa pwani atakujibu bila kufungua kitabu.

Bamvua ina masharti yake. Maji yanaporudi yanarudi kwa haraka, na hujaza mifereji ya nyuma kabla hujaona mbele yako yamefika. Mkienda kutembea kwenye madimbwi, tokeni wakati yanaendelea kupwa na geukeni kurudi kabla hayajaanza kujaa. Kila mtu avae viatu vya plastiki vya kufunga. Kuna viumbe wa miiba myeusi wanaoumiza sana, na miamba inakata. Mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe mtaambiwa ni lazima mpande. Si lazima. Ni fungu la mchanga lisilo na mti wa kivuli, na mna mtoto wa miezi tisa. Mtarudi akiwa na miaka mitano.

Ndani ya maji, mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Anazama kimya, kwa muda mfupi, mara nyingi kwenye maji ya kimo cha kiuno na watu wazima wakiwa pale pale. Kwa hiyo awepo mtu mzima mmoja mwenye zamu, asiyeshika simu wala kuchoma samaki, na mtoto awe umbali wa mkono wake. Zamu ni dakika 20, kisha mnapokezana kwa kusema kwa sauti: sasa ni wewe. Boya na maboya ya mikononi ni michezo, hayaokoi. Mdogo mnaweza kumkalisha kwenye beseni la maji ya bahari kivulini, na atafurahi kuliko wote.

Jua la saa nne hadi saa kumi lisiwakute ufukweni, na ngozi nyeusi haiwakingi watoto na joto. Kofia, fulana ya mikono mirefu, kivuli, maji ya kunywa kila mara. Konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha, akimgusa mtoto, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Beba ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, kwa ajili ya tumbo litakaloharibika. Kwa watoto wa bara wanaokula pweza kwa mara ya kwanza, sisemi kama litaharibika bali lini. Maji ya kunywa ya mdogo yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa.

Usisahau mbu. Moshi malaria ni kidogo ukilinganisha na pwani ya Tanga, kwa hiyo wanao hawana kinga ya kuzoea. Ulizia chandarua kabla hujalipia chumba, na kama jibu linasitasita bebeni cha kwenu. Kuanzia magharibi wavae mikono mirefu na suruali. Msimu mzuri kwenu ni Juni hadi Oktoba: masika yamekwisha, joto limepungua. Upepo wa kusi unavuma miezi ya mwanzo na bahari inakuwa na mawimbi kidogo, lakini jioni za maji kujaa bado watoto wanaoga bila shida.

Siku ya kurudi msiibe saa za bahari. Mkiwa na siku tatu, ya tatu ni ya barabara: tokeni saa 12 na nusu asubuhi na mtaingia Moshi mchana ukiwa bado mweupe. Kabla ya kuwasha gari, shemeji aangalie upepo wa matairi pamoja na la spea, maji ya rejeta na breki, maana njia inayorudi inapanda na jua la Mkomazi mtalikuta tayari limewaka. Akisikia macho mazito, hakuna kufungua dirisha wala kutafuna karanga. Anaegesha Mombo au Same kwenye kituo chenye watu na kulala dakika 20, huku wewe ukiwatembeza watoto.

Mkishafika nyumbani, andika tarehe ya safari kwenye kalenda ya ukutani. Dalili za malaria kwa kawaida huanza kati ya siku 10 na 15 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine zaidi, wakati ambapo kila mtu ameshasahau safari na homa inasingiziwa meno ya mtoto. Mtoto yeyote akipata homa ndani ya mwezi mmoja, mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo na mmweleze mhudumu kwamba mlilala pwani ya Tanga.